Mlango Uliofungwa na Mgeni Asiyesimamishwa

Jumapili nne mfululizo nilivaa koti, nikatembea hadi kwenye kanisa lililo karibu na nyumba ninayopanga hapa Leipzig, Ujerumani, kisha nikalipita kama mtu anayewahi basi. Nimelelewa katika ushirika wa Moravian wilayani Rungwe na nimeimba kwaya tangu utotoni, lakini mlango ule ulinishinda. Kumbe nyumbani sikuwahi kuingia peke yangu katika kanisa nisilolijua: niliingia mgongoni mwa mama, baadaye nyuma ya kaka zangu, na hata nilipohamia Mbeya mjini kwa ajili ya kazi, shangazi anayeishi Mwanjelwa ndiye aliyenipeleka kwa mzee wa kanisa na kunikabidhi pamoja na barua ya ushirika wangu wa zamani. Ujasiri niliodhani ni wangu ulikuwa mali ya ukoo.

Kwetu, hata baridi ya Tukuyu inapouma mwezi Julai, milango hubaki wazi na kwaya husikika hadi barabarani, kwa hiyo mgeni hujua anakokwenda kabla hajafika. Hapa mlango ni mzito, umefungwa kuzuia baridi, na aliye nje hajui kama ndani wamo watu mia au kumi. Jumapili ya tano niliusukuma. Walikuwamo watu wasiozidi ishirini, karibu kila mmoja na benchi lake, nami nilisimama kidogo nikisubiri mtu asogee anipishe, kama tunavyobanana kwetu hadi watoto wakapakatwa. Hakuna aliyegeuka. Namba za nyimbo zilikuwa ukutani lakini sikuwa na kitabu, ndipo bibi mmoja aliyeketi nyuma yangu akaninyooshea chake, tayari amekifungua mahali panapotakiwa. Kinanda kilipoanza, sauti ilikuwa ile ile tuliyofundishwa kwaya ya watoto. Nikaimba kwa Kiswahili, polepole.

Hofu yangu ilinishangaza zaidi nilipokumbuka kwamba wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitumwa na kanisa lenye makao yake Herrnhut, mji ulio katika jimbo hili hili la Saxony. Aya za Biblia za kila siku anazosoma mama asubuhi huchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu huko huko, na zimekuwa zikichapishwa tangu 1731. Kanisa nililoingia ni la Kilutheri, kwa kuwa Wamoravian hapa ni wachache, lakini kwa mtu wa Rungwe tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kumfanya akose usingizi.

Lililonishughulisha zaidi ni ukimya. Kwetu, wakati wa matangazo, wageni huombwa wasimame, waseme jina, watokako na ushirika wao, kisha watoe salamu huku kanisa zima likiwatazama, desturi niliyoihesabu kuwa adhabu. Hapa mchungaji alinishika mkono mlangoni, akanitakia Jumapili njema, basi. Jumapili mbili za kwanza nilijisikia kama nimetuliwa mzigo. Ya tatu nilianza kuutafuta mzigo wenyewe.

Nadhani sehemu ya sababu ni fedha. Hapa, unapojiandikisha kuwa mkazi, fomu inakuuliza dini, na mshiriki anayelipa kodi ya mapato hukatwa pia kodi ya kanisa, ambayo Saxony ni asilimia 9 ya kodi hiyo. Paa la kanisa haliningojei mimi. Kwetu kanisa linaishi kwa bahasha ya ahadi yenye jina lako na kwa mkungu wa ndizi unaopigwa mnada nje baada ya ibada, hivyo ukikosekana wiki tatu utabishiwa hodi. Sisemi kwamba wazee wetu huwapenda wageni kwa sababu ya sadaka, ingawa nimewahi kumwona mtunza hazina aliyewapenda mno.

Hata hivyo, desturi yetu nayo hufukuza watu. Binamu yangu aliyepanga Uyole alipokuwa akisoma alikaa miezi bila kanisa, kwa hofu ya kusimamishwa tu. Kwa maoni yangu desturi ibaki, ila mgeni aulizwe kwanza mlangoni, kwa sauti ya chini, kama yuko tayari kusimama. Asiyekuwa tayari aachwe aketi, naye mtu mmoja amsogelee baada ya ibada na kumuuliza anakaa wapi.

Nilipompigia mama simu, hakuuliza juu ya mahubiri.

"Walikusimamisha?"

"Hapana, mama."

"Sasa walijuaje kwamba umefika?"

Jumapili iliyofuata, wageni walipoitwa kule Rungwe, mama alisimama nao katika kanisa lake mwenyewe, akataja jina langu na mji ninaokaa, akatoa salamu kwa niaba yangu.