Mikono Juu, Sweta Kichwani

Ukimwambia mtu kwamba likizo hii huendi popote, upo tu nyumbani, anakutazama kwa macho ya pole. Wengine hata sauti wanaishusha: "Mambo magumu, eh?" Mambo hayakuwa magumu. Nilipanga mwenyewe, kwa akili zangu timamu: nifume, nipike polepole, nilale mchana, na simu nisiishike ila kwa dharura.

Dharura kwa kawaida huwa ni mama.

Sweta yenyewe ilikuwa ya baba, na wazo lilikuwa la mama, kama yalivyo mawazo mengi yanayoishia mikononi mwangu. Nilikuwa naifuma kuanzia shingoni kushuka chini, kwa ile sindano ya mviringo yenye ncha mbili zilizounganishwa na waya laini. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba hakuna kuunga vipande. Unaanza ukosi, unatanua mabega, ukifika kwapani unaviweka kando vitanzi vya mikono kwenye uzi mwingine, kisha unaendelea na kiwiliwili kwa kuzunguka tu, mpaka kiunoni. Uzuri wa pili, wanasema wajuzi, ni kwamba unaweza kuijaribu sweta mwilini kabla haijaisha. Huo uzuri wa pili tutaurudia.

Na nilifuata taratibu zote. Kwanza nilifuma kile kipande cha majaribio ambacho watu wengi hukiruka, nikakipima kwa rula: vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Hapo ndipo kwenye siri ya kazi nzima. Kifua cha sentimita 100, kwa kipimo hicho, kinataka vitanzi 220. Mkono wako ukikaza kidogo tu, ukatoa 24 badala ya 22, vitanzi vilevile 220 vinakupa sentimita 92, na hapo umeongezewa kwa hisani. Baba ana tumbo. Sentimita 8 kwa baba ni mgogoro wa ukoo.

Jikoni nako mambo yalikuwa safi. Maharage niliyaloweka usiku kucha, nikayaweka kwenye sufuria ya presha, yakaishia chini ya nusu, kwa sababu maharage hutoa povu, na povu likipanda huziba tundu la mvuke. Nikafunga kifuniko, nikawasha gesi. Ndani ya sufuria ile maji hupanda hadi nyuzi joto 120 hivi badala ya 100, ndiyo maana huchukui nusu siku kuyaivisha. Muda wa kufuma mizunguko michache, nikajiambia, halafu nazima.

Tatizo la kuchanganya kazi hizi mbili ni kwamba kufuma kunataka hesabu na kupika kunataka pua, na mimi kimoja kikifanya kazi kingine kinasinzia. Nilikuwa katikati ya mzunguko simu ilipolia.

"Mia moja na kumi na saba," nikapokea.

"Ya nini?" Mama alishtuka. "Nani anakudai?"

"Shikamoo mama. Nahesabu vitanzi. Mia moja na kumi na nane."

"Marahaba. Umefika wapi na hiyo sweta?"

"Nimevuka kwapa, nakaribia kiuno."

Nyuma yake nikasikia sauti ya baba, anakohoa kile kikohozi chake cha kuomba nafasi. "Mama Nanihii, hebu mwambie..." Mama akamkata: "Subiri, tunaongea mambo ya maana." Kisha kwangu: "Umeijaribu?"

"Bado. Na ni ya baba, si yangu."

"Kwani wewe na baba yako mnapishana nini? Tumbo tu. Sweta haipimwi kwa macho, mwanangu. Ivae."

Nikaweka simu mezani kwa spika, nikaivaa.

Sasa naomba jambo moja liwekwe wazi. Ukosi wa sweta unayoifuma kuanzia juu ndio safu ya kwanza kabisa, na safu ile ikikazwa haivutiki tena, hata uiombe. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 55 hivi, kwenda mbele. Aliyenifundisha kuanza safu ya kwanza, tangu utotoni, huku akinipiga vidole kwa rula kila uzi ulipolegea, ni nani? Alikuwa mezani pale, kwenye spika.

Mikono ilipita vizuri. Nikaiinua yote miwili, nikaingiza kichwa, nikavuta. Kipaji cha uso kikapita nusu, kikagoma. Nikasukuma. Nikarudi nyuma: masikio yakakataa kurudi nyuma. Nikataka kushusha mikono nijisaidie, nikagundua kwamba kiwiliwili cha sweta, ambacho mimi ndimi nilikipima kwa rula, kimejikusanya mabegani na kuibana mikono juu ya viwiko. Nikabaki nimesimama katikati ya sebule, mikono juu, uso ndani ya sufu, kama jambazi aliyekamatwa na polisi wa kondoo.

Mle ndani si kwamba kuna giza. Mwanga unapenya vitanzini, unaiona dunia kwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kina manyoya yake. Ukivuta pumzi unavuta na manyoya. Ncha moja ya sindano ilikuwa imetulia kwenye mbavu zangu, na kila nilipopiga chafya ilinikumbusha kuwa ipo.

"Imekaa?" akauliza mama.

"Mmmff."

"Sikusikii. Geuka nione."

"Mama, hii si ya video!"

Ndipo pua ilipoamka. Harufu ya maharage yanayoanza kukata maji ni ya namna yake. Inaanza tamu kidogo, halafu inakuchoma koo. Na sufuria ilikuwa inapiga filimbi, nadhani ilishapiga muda mrefu, ila nilikuwa nimeichanganya na kikohozi cha baba.

Nikaelekea jikoni. Sema rahisi. Uzi ulikuwa bado umeshikamana na sweta, na donge lenyewe limo kapuni karibu na kochi, kwa hiyo kila nilipogonga kitu nikakizunguka, uzi nao ulikizunguka. Nilizunguka mguu wa meza. Nilizunguka kiti. Nilizunguka kitu laini ambacho mpaka leo sijakitambua. Kapu likapinduka, donge likaanza kunifuata kwa nyuma, nalisikia linavyodundadunda. Jikoni nikainama mpaka mikono iliyokuwa juu ikawa mbele, nikapapasa, nikapata swichi ya jiko. Nikazungusha. Filimbi ikapanda juu zaidi. Nikazungusha upande wa pili.

Kimya.

Kimya kile ndicho kilichomponza mama. Kwake kule alikuwa amesikia filimbi, vishindo, kiti kikianguka, mimi nikisema maneno ambayo sikulelewa kuyasema, halafu kimya. Akapiga ukelele kupitia spika, simu ikatetemeka mezani: "Jamani! Mwanangu anakufa huko! Majirani!"

Majirani, kwa bahati mbaya, walikuwepo.

"Hodi!" Mlango wangu haukufungwa kwa ufunguo. Nikatambua sauti ya mzee wa nyumba ya pili, na vinyayo vya mjukuu wake.

Mtu mwenye mikono juu na sweta kichwani, akiingiliwa na mzee, afanye nini? Adabu ni adabu.

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba," akajibu. Kukawa na kituo kirefu. "Kichwa kiko wapi?"

"Kipo humu ndani, mzee."

"Babu," mtoto akanong'ona, kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika nyumba ya tatu, "anko anaswali?"

"Kata!" Mama akapaza sauti mezani. "Yeyote uliye hapo, tafuta mkasi, kata!"

"Usikate!" nikapiga kelele. Mizunguko yote ile, kila mmoja umekula karibu mita 3 za uzi, ukate kwa mkasi? Sufu ya watu? Mzee akasimama hajui amtii nani, yule asiye na mwili au yule asiye na kichwa. Akachagua njia ya tatu, akamwambia mjukuu: "Hebu ufuate huo uzi, uone umenasa wapi, umlegezee anko wako."

Mtoto alikuwa na moyo wa kusaidia, sina cha kumlaumu. Aliona sindano inanichoma mbavu, akaichomoa kwanza. Yote. Vitanzi 220 vikabaki hewani havina mtu. Kisha akaushika uzi, akafanya alichoagizwa kwa namna alivyoelewa: akakimbia nao nje.

Kama hujawahi kufumuliwa ukiwa ndani, ni hisia ngeni. Inaanza kiunoni, trrrrr, inakuzunguka, upepo unaingia mahali palipokuwa na joto. Uzi ulipokaza nikalazimika kuzunguka nami, la sivyo ungenifunga tumbo.

"Zunguka!" mzee akanihimiza, sasa ameipata kazi. "Zunguka kushoto! Safi! Endelea!"

"Anafanya nini?" mama akauliza.

"Anazunguka, mama."

"Anazungukia nini?"

Ilipofika kifuani mikono ikapata nafasi, mzee akashika ukosi kwa mikono miwili, akaweka goti mahali ambapo sitapataja, akavuta. Masikio yangu yalitoka nyuma ya kichwa kizima. Nilipofumbua macho nikaona mkononi mwake kitu chenye upana wa kola, na mlangoni mtoto, ameuzungushia uzi mti, nguzo na baiskeli ya mtu, anauliza kama kuna mwingine.

Nilifungua sufuria baada ya presha kushuka yenyewe. Chini yameungua, juu yalikuwa mazuri tu, nikayachota ya juu bila kukwangua, nikaunga kwa kitunguu na nyanya. Huwezi kumwachia aende na njaa mtu aliyekutoa kwenye ukosi. Tukakaa kula wote watatu, mzee akisifu kwamba moshi kidogo huleta ladha, mtoto akavuta unyoya mrefu kinywani na kuukunja vizuri pembeni ya sahani.

Mama alikuwa bado yuko kwenye spika. Alisubiri tushibe, kisha akauliza, kwa upole uliokuwa na mtego ndani yake, sweta ya baba sasa itakuwa tayari lini. Nikamwambia anipe baba mwenyewe, maana tangu mwanzo alikuwa na neno.

Baba akapokea. Akakohoa.

"Nilitaka kusema," akasema, "sufu inaniwasha."