Dawa ya kupulizia haifiki kwenye funza

Habari inasema wachuuzi wa samaki mwaloni, yaani soko la samaki kando ya ziwa, wanaomba nzi wapuliziwe dawa. Nawaelewa kabisa, ila dawa hiyo inaua wale wanaoruka tu. Nzi jike wa nyumbani hutaga mayai 100 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, na kwa joto letu la Mwanza yanaanguliwa ndani ya siku moja. Fukueni kwa kijiti rundo la mapanki (mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa) na matumbo ya sangara lililolala siku tatu: juu pamekauka, chini funza weupe wanapishana. Wakishiba hutafuta pakavu, ngozi inageuka gamba la kahawia, na wiki moja hadi mbili tangu yai litagwe, nzi wapya wako juu ya dagaa. Na nzi hatafuni, hutema mate kwenye chakula kikavu kwanza ndipo anyonye. Hilo linaniuma sana nikiwaona mama zetu wanaoanika mchangani. (Wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi ni wengine, tusiwachanganye.) Taka ziondolewe kila siku, dagaa waanikwe juu ya vichanja wakauke haraka. Dawa ije baada ya hapo, kama bado itahitajika.