Tumtazame na anayeanguka

Jioni moja baada ya mazoezi, wenzangu walikuwa wakisimuliana filamu ya ngumi waliyoitazama. Mmoja, aliyekuwa akikunja mkanda wake, akawakata kauli: "Yale maigizo tu. Ulingoni yule steringi hamalizi hata dakika." Karibu wote tukaitikia kwa kichwa. Ndivyo tulivyo wengi tunaojifunza karate, judo au kung fu. Picha za ngumi ndizo zilizotuleta mazoezini, na baada ya mwaka mmoja wa kuumia mbavu tunaanza kuzibeza picha zilezile. Nami nimezibeza miaka mingi. Siku hizi naona tulikuwa tukihukumu nusu tu ya kinachotendeka, kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwa anayepiga.

Wanaobeza wana hoja, na si za kupuuza. Maadui kumi humzunguka mtu mmoja, halafu tisa wanangoja zamu. Aliyewahi kufanya zoezi la mmoja dhidi ya wawili anajua linavyokwisha: wa kwanza anakushika mkono, wa pili keshafika mgongoni. Mwanafunzi wa kwenye filamu hukomaa ndani ya wimbo mmoja. Anapanda ngazi mbio, anapiga mti, jua linazama, tayari ni bingwa. Na mkanda mweusi umefanywa kilele, wakati daraja lake la kwanza kwa Kijapani huitwa shodani, yaani daraja la kuanzia.

Kisha ikaja Novemba 12, 1993, mjini Denver, Marekani, shindano la kwanza la UFC, mapigano ya kulipwa yanayochanganya mitindo. Watu wa mitindo mbalimbali waliingizwa ulingo mmoja ili ijulikane nani zaidi. Royce Gracie wa Brazil, mwembamba, wa kilo zipatazo 80, aliwashinda watatu usiku mmoja kwa kuwaangusha na kuwabana chini hadi wakasalimu amri. Hakuna teke la kuruka lililohitajika. Filamu zilikuwa zimeiacha sakafu kwa sababu inayoeleweka: watu wawili wakilala wamekumbatiana, nyuso hazionekani, mtazamaji hajui nani anashinda. Lakini matokeo yake ni kwamba vizazi vya watazamaji waliamini pigano huamuliwa kwa miguu hewani.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya kichwa. Kwenye filamu mlinzi hupigwa kitako cha bunduki kisogoni, anazimika, na baadaye anaamka akijishika shingo na kuendelea na kazi. Steringi naye hula ngumi ishirini za uso na kuvunjiwa kiti mgongoni, anafuta damu mdomoni, anaanza upya. Niliwahi kumwona mwenzetu akipigwa teke moja la bahati mbaya kwenye taya. Hakuruka, hakupiga kelele. Magoti yalilegea, akaketi, akauliza leo ni siku gani. Tukamjibu. Baada ya dakika moja akauliza tena, kwa sauti ileile. Alipelekwa hospitali usiku ule, na kwa wiki kadhaa hakuruhusiwa kupigana. Alikuwa akisema mwanga wa simu unamchoma macho. Mtu akipoteza fahamu kwa kupigwa kichwani, ubongo umetikisika, na akikaa bila kuzinduka hiyo ni dharura ya kukimbizwa kwa daktari. Katika mapigano ya kulipwa, aliyezimishwa husimamishwa kwa muda kwa sababu za kiafya hata kama mwenyewe anaapa kwamba yuko sawa. Sasa mfikirie kijana ambaye tangu utotoni ameona mamia ya watu wakizimia na kuamka. Siku rafiki yake akianguka, atammwagia maji na kumwambia inuka tuendelee. Hapa sina utetezi. Filamu imetufundisha vibaya kuhusu kichwa cha binadamu, tena kwa muda mrefu, kiasi kwamba hata sisi tunaojua tunahitaji kukumbushwa.

Ila kosa hilo ni la anayeandika hadithi. Pigano lenyewe hutengenezwa na watu wengine, na hao ndio tunaowadhulumu tunaposema maigizo tu.

Kinachonisumbua ni lile neno linalofuata kila mara: "limepangwa." Limepangwa, ndiyo. Na sisi je? Judo ina kata, yaani mfululizo uliopangwa wa mapigo, uitwao nage no kata, wa mieleka 15, na kila mweleka hupigwa kulia na kushoto. Wote wawili wanajua kitakachofuata, nani ataanguka na ataangukia upande gani. Mmoja anaangusha mara 30, mwenzake anaanguka mara 30. Hatujawahi kuuita uongo. Tunauheshimu, tunaupimia daraja, na kuna mashindano ya kata yanayotolewa medali. Karate nayo ina mazoezi ya wawili ambamo pigo na kinga vimetajwa kabla. Kupanga ni njia ya zamani ya kuhifadhi ufundi ambao ukiufanya kwa nguvu zote utamvunja mwenzako.

Na somo lake kubwa liko kwa anayeanguka. Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge. Pumzi itoke. Kiganja na mkono wote vipige mkeka kabla ya mgongo, pembeni kidogo ya mwili, usiuegemee mkono ukavunjika kiwiko. Miezi yangu ya kwanza niliona hayo ni maandalizi tu, na kwamba kazi yenyewe ni kuangusha. Siku moja nilimpiga mwenzangu mweleka wa nyonga, safi, akapita juu yangu kama mzigo mwepesi, nami kwa furaha nikaachia mkono wa koti lake. Akaanguka kwa bega. Mwalimu hakunigombeza. Aliniita katikati, akashika mkono wa koti langu, akaniangusha polepole, na nilipokaribia chini nikahisi akinivuta juu kidogo, kiasi cha kunifanya nitue kwa ubavu na kiganja. Akasema, "Huyu amekukopesha mwili wake. Usimwachie mpaka afike." Kisha nikaanguka kipindi chote kilichobaki.

Tangu hapo sikutazama tena filamu kwa jicho la zamani. Ngumi ya filamu hupita shubiri moja kutoka usoni. Kamera ikikaa nyuma ya bega, pengo halionekani. Sasa nani anaifanya ngumi hiyo ionekane imefika? Ni anayeipokea. Shingo yake ikigeuka mapema, uongo umejulikana. Ikichelewa kufumba na kufumbua, vilevile. Wapo wanaosema hayo yote ni ujanja wa mitambo, na ni kweli ujanja upo: filamu huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde, ukirekodi kwa 22 au 20 kisha ukaonyesha kwa 24, mkono unaongezeka kasi. Lakini hesabu hiyo huwaharakisha wote wawili kwa pamoja. Haiwezi kuwapatanisha watu ambao hawakupatana.

Kupatana huko ndiko tunakodharau, na inashangaza, kwa sababu mchezo wetu wenyewe umekipa kitu hicho uzito hadi kwenye Olimpiki. Mwezi Agosti 2021, kwenye ukumbi wa Nippon Budokan mjini Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa akiongoza fainali ya karate ya uzito wa juu dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akapiga teke la juu, Ganjzadeh akaanguka na kupoteza fahamu, akatolewa kwa machela. Waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa kupiga bila kujizuia, na dhahabu akapewa aliyezimia. Watu walicheka dunia nzima: mchezo gani huu, aliyelala ndiye mshindi? Inaweza kubishaniwa kama adhabu ilistahili ukubwa ule, na binafsi nilimwonea huruma Hamedi. Hata hivyo kanuni yenyewe naielewa kwa mwili wangu. Katika karate ya aina ile, teke la kichwani linapaswa kufika kwa kasi kamili na kukoma kwenye ngozi. Kupiga kwa nguvu anaweza yeyote mwenye hasira. Kupeleka mguu kwa kasi hiyo na kuusimamisha hapo huchukua miaka. Basi mtu wa stanti, yule anayeigiza mapigo na maanguko ya hatari kwenye filamu, anayefanya hivyo mara ishirini kwa siku, mbele ya uso wa mwenzake, mpaka mwongozaji aridhike, kwa nini tunamwita mwongo?

Wachezaji filamu wa Hong Kong waliotukuza kazi hii hawakuokotwa barabarani. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika shule moja ya opera ya Kichina chini ya mwalimu Yu Jim-yuen. Chan aliingia akiwa mtoto wa miaka kama saba na kukaa karibu miaka kumi, akijifunza sarakasi, silaha, kuimba, na kuanguka. Mwaka 1985, akitengeneza filamu ya Police Story, aliruka na kushuka kwa kuteleza kwenye nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, akaungua viganja. Mwaka uliofuata alianguka kutoka kwenye mti huko Yugoslavia, akavunjika fuvu, na sikio moja likapungua uwezo wa kusikia. Hapo mpinzani wangu atasema: basi kumbe hata hao wanaumia, na kwa ajili ya nini? Ni swali zito. Filamu hailazimu mtu kuvunjika fuvu, na sidhani kama mtazamaji ana haki ya kuyadai hayo. Lakini tazama alichofanya Chan mwishoni mwa filamu zake. Majina yanapopita, anaonyesha vipande vilivyoharibika: mtu amekosea hatua, kiganja kinavuja damu, mwenzake amepigwa kweli na watu wanamkimbilia na barafu. Hadithi imeshasema steringi haumii. Dakika tatu baadaye filamu hiyohiyo inakuonyesha gharama. Sijui mchezo mwingine wa kuigiza uliojisahihisha kwa uwazi namna hiyo.

Lawama zetu tungezielekeza penginepo. Kuna mtindo wa kukata picha kila nusu sekunde: mkono unainuka, picha inakatwa, uso unapinda, picha inakatwa, mtu yuko chini. Kamera inatikisika ili ifiche kwamba mwigizaji hakujifunza chochote. Humo hakuna mpigaji wala mpokeaji, kuna mhariri. Mtu akiniambia kwamba hayo ni uongo namkubalia bila kubishana, kwani hayamfundishi mtazamaji hata umbali kati ya watu wawili, jambo la kwanza tunalofundishwa sote. Filamu ya mwaka 2003 kutoka Thailand, Ong-Bak, iliwashtua watu kwa kufanya kinyume: steringi wake, Tony Jaa, bila waya za kumning'iniza, kamera imetulia, pigo na anguko ndani ya picha moja. Mara nyingine pigo lilirudiwa kutoka pembe nyingine, kana kwamba shahidi wa pili ameitwa.

Na hata lile teke linalochekwa kuliko yote, la kijana wa filamu ya The Karate Kid ya 1984, lina ukoo. Aprili 2011 huko Toronto, mpiganaji wa UFC Lyoto Machida, aliyefunzwa karate na baba yake, alimzimisha mpinzani wake Randy Couture kwa teke la mbele la kuruka ambalo kila mtu ukumbini alilifananisha na lile. Sisemi filamu ilimfundisha. Nasema teke lilikuwapo kwenye karate kabla ya kamera, na sisi tulilikana kwa kuwa tulikutana nalo kwenye kioo cha sinema.

Juzi nilirudia tukio moja la mapigano ya zamani, la mtu kutupwa juu ya meza. Nililisimamisha pale mwili unapogusa mbao. Kidevu cha anayeanguka kimezama kifuani. Kiganja kimetangulia mgongo. Na upande wa juu wa picha, karibu utoke nje ya fremu, mkono wa kushoto wa steringi bado umeshika mkono wa shati la adui yake, kitambaa kimenyooka, unamvuta juu.