Uwanja wenye jina la mchezaji

Jumamosi iliyopita nilichelewa kazini dakika arobaini. Siku ya mechi hapa Iowa City, Marekani, Barabara ya Melrose haipitiki, watu wanachoma nyama kwenye maegesho tangu alfajiri, na sisi wa zamu tunatembea kwa miguu. Hospitali ninakofanya usafi iko ng'ambo tu ya uwanja. Nikaingia natokwa jasho, nimenuna, na bibi mmoja wa kitanda cha dirishani akaniuliza kama namjua Kinnick. Nikamjibu ni jina la uwanja. Akaweka kikombe chini. "Ni mtu," akasema, na nikajikuta nimesimama pale na deki mkononi.

Alinipa msimu mzima wa 1939, na yeye alikuwa bado hajazaliwa. Baba yake ndiye aliyekuwa jukwaani. Ni mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, wa timu ya chuo. Miaka miwili ya nyuma Iowa walikuwa wameshinda mechi moja tu kila mwaka. Akaja kocha mpya, Eddie Anderson, daktari kweli kweli, asubuhi yuko na wagonjwa, mchana yuko na wachezaji. Wa kutegemewa walikuwa wachache mno, kwa hiyo wale wale walioshambulia ndio waliolinda, na wengine walimaliza dakika zote 60 bila kupumzishwa. Wakaitwa Watu wa Chuma. Chuo cha Michigan waliwachapa 27-7, Tom Harmon akipata pointi zote 27 peke yake. Hawakuvunjika moyo. Wakawafunga chuo cha Purdue 4-0, pointi zilizotokana na kumbana mpinzani mara mbili ndani ya eneo lake mwenyewe.

Tarehe 11 Novemba wakaja chuo cha Notre Dame, ambao walikuwa hawajapoteza hata mechi moja. Nile Kinnick akajipenyeza na mpira hadi ndani ya eneo lao, pointi sita. Kisha akaudondosha chini, ukadunda, akaupiga katikati ya milingoti, saba. Notre Dame nao wakaingia, lakini wakakosa ile moja ya nyongeza. 7-6. Bibi alikuwa anaigonga ile saba kwa kidole kwenye blanketi. Wiki iliyofuata Minnesota walikuwa mbele 9-0 hadi robo ya mwisho. Kinnick akarusha pasi mbili za mbali, ikawa 13-9. Kati ya pointi 130 za msimu, alikuwa na mkono wake katika 107. Akapewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, na kwenye hotuba akamshukuru Mungu kwamba alikuwa akipambana kwenye viwanja vya mpira vya kwao, si kwenye vita vya Ulaya. Juni 1943 ndege yake ya jeshi la majini ilianguka baharini karibu na Venezuela. Alikuwa na miaka 24. Uwanja ukapewa jina lake mwaka 1972, na hadi leo sauti ya hotuba ile husikika pale kabla ya mechi.

Sasa nitajieni viwanja vyetu. Mkapa. Sokoine. Samora. Sheikh Amri Abeid. CCM Kirumba. Ni majina ya heshima na sina ugomvi nayo. Lakini mchezaji yuko wapi?

Najua mtakavyonijia juu. Kakaa Marekani miaka sita, kaanza kutufundisha. Hapana, ndugu zangu. Mimi huku nasukuma deki, sijaja na suti kuwasomea. Mwingine atasema wenzetu wana hela. Kumkumbuka mtu kunahitaji hela gani? Yule bibi hakuwa na kitabu wala video, alikuwa na maneno ya baba yake. Na msidhani nawaona hawa wakamilifu, maana hata wao walichukua miaka 29 tangu kijana afe ndipo wakamwandika ukutani. Wanaposhindwa nawaona. Lakini hapa wanatushinda, na inaniuma kwa sababu sisi tunacho cha kusimulia kuliko wao!

Mimi ni Yanga tangu utotoni, kwa hiyo asiniambie mtu napendelea. Mwaka 1979 Simba walifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapo hapo Dar es Salaam. Wakaenda Zambia wakashinda 5-0. Tano! Ugenini! Notre Dame si kitu mbele ya hilo. Kijana wa Kariakoo wa leo anakutajia kikosi cha Arsenal na wa akiba wote. Muulize waliocheza Zambia siku ile. Nami simlaumu, maana mimi mwenyewe nimelazimika kuulizia.

Nilipotoka zamu nikampigia mzee wangu Tabora. Yeye ni Simba wa damu, tumebishana miaka yote, na sikuwahi kumuuliza alikuwa wapi siku ile. Akanyamaza kidogo. Akasema walikuwa wamekaa kwenye benchi la fundi cherehani, redio ikiwa juu ya mashine, na fundi akakataa kushona hadi mechi iishe. Nikabonyeza kurekodi. Alikuwa anaingia bao la tatu bando lilipokata. Nimeshanunua jingine, namsubiri atoke msikitini tuendelee.