Ugomvi Tuliouazima

Kila nikirudi Mombasa, uchovu wa ndege ukishaniisha, nitajikuta barzani Kibokoni baada ya Alasiri, na hatakosekana mtu wa kuniuliza. Safari hii aliyeuliza ni muuza kahawa, dele kaliinamisha, vikombe vyalia mkononi: "Ati huko uliko, watu wazima na akili zao wasema wametokana na nyani?"

Barza nzima ikacheka. Nami nilicheka, maana ukikaa kimya hapo wameshakuhesabu kuwa mmoja wao.

Nina miaka 11 Bristol, Uingereza. Kazi yangu ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee, nyingi zikiwa zamu za usiku. Naswali, nafunga, na nadharia ya mageuko ya viumbe naiona ina ushahidi mzito. Sentensi hiyo moja inatosha kunikosanisha na watu wa pande zote mbili, ndiyo maana nimeamua niandike badala ya kubishana.

Nilimjibu yule wa kahawa kwamba hakuna anayesema babu yake ni huyu tumbili anayeingia majikoni Nyali kuiba ndizi. Wanasema sisi na yeye tuna mzazi mmoja wa zamani sana, kama binamu wasiojuana. Tena Darwin, yule Mwingereza mwenye nadharia hiyo, katika kitabu chake cha 1859 binadamu hakumgusa ila kwa kupita. Hilo alilileta 1871. Na uhai wenyewe ulianza vipi, hakudai kujua. Alikuwa akieleza viumbe vilivyokwisha kuwapo vinavyobadilika. Halafu nikawaambia amezikwa wapi: Westminster Abbey, mwaka 1882, ndani ya kanisa kubwa la wafalme, kwa sala na kwaya. Hapo ndipo waliponiona mwongo kabisa.

Siwalaumu. Shuleni kwetu mwalimu wa bayolojia alipofika kwenye sura hiyo kidato cha nne, aliandika maelezo ubaoni, akageuka, akatuambia: "Haya andikeni mpate alama. Msiyaamini." Tukaandika, alama tukapata. Hakuna aliyeinua mkono, na aliyekuwa na swali alikwenda nalo nyumbani kwao. Mimi langu nilikwenda nalo mpaka Ulaya.

Kinachonikera ni kwamba hata matusi tunayomtukana Darwin si yetu. Sikilizeni hoja zinazozunguka kwenye simu za watu Majengo na Tononoka: jicho haliwezi kujiunda, kiungo kilichopotea kati ya nyani na mtu hakijapatikana, hii ni nadharia tu. Hizo zimeenezwa na makanisa ya Marekani yaliyokuwa yakipigania vitabu vya shule zao, nyingine zikapitia Uturuki zikavalishwa kanzu, zikatufikia. Mwaka 2006 makanisa ya Nairobi yaliitaka makumbusho isiyape mafuvu ya kale nafasi ya mbele, pamoja na mifupa ya yule kijana wa Turkana wa miaka zaidi ya milioni moja na nusu. Kijana huyo aligunduliwa na Mkenya, Kamoya Kimeu, mwaka 1984. Nchi nyingine wangemjengea mnara, sisi tulikuwa twataka awekwe chumba cha nyuma.

Sasa msidhani huku nilipo ndiko kwenye wenye kufikiri. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilikuta asilimia 37.2 ya watu wanasema hawana dini, na kazini kwetu ni zaidi ya hapo kwa macho. Siku moja tukila, dada mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, kama anayemuuliza mgonjwa: kwa hiyo waamini dunia ina miaka 6,000? Nikamwambia hesabu hiyo si yetu hata kidogo. Ni ya askofu wa kwao, James Ussher wa Ireland, aliyepiga mahesabu karne ya 17 akapata mwaka 4004 kabla ya Kristo. Waislamu hatujawahi kupewa tarehe. Akashangaa. Nami nikamuuliza, haya, wewe wasema uhai ulianza vipi? Akasema sayansi imeshajibu. Imejibu nini? Akarudi kwenye simu yake.

Ni majibu yale yale ya barzani, ya mtu aliyeambiwa na aliyeambiwa. Nilimpeleka binti yangu makumbusho ya viumbe London. Darwin wamemkalisha ngazini, marumaru nyeupe, ndevu, mikono mapajani. Watu wote walikuwa wamempa mgongo wakipiga picha mifupa ya nyangumi.

Mtu pekee niliyewahi kuzungumza naye jambo hili kwa raha alikuwa mzee mmoja niliyemtunza, mwalimu wa kemia mstaafu, asiye na dini tangu ujana wake. Usingizi ulikuwa haumji. Usiku mmoja, saa tisa hivi, nimemletea chai, akachukua tishu akaanza kuchora kwa mkono unaotetemeka: chupa ya maji yanayochemka, mrija, chupa nyingine ya gesi. Methani, amonia, hidrojeni. Halafu vicheche vya umeme mahali pa radi. Akanieleza alivyofanya mkemia Stanley Miller kule Chicago, akayachapisha 1953: baada ya siku moja maji yakawa ya waridi, wiki ikiisha yamekuwa mekundu, na ndani yake mna asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini za mwili. Mimi nikasema basi kumbe uhai mmeshauunda. Akanitazama kama nimeanguka mtihani. "Hayo ni matofali," aliniambia. "Nyumba hakuna aliyeijenga. Bado."

Alilishikilia hilo neno bado. Nikamwambia kwetu kuna aya, Suratul Anbiyaa, aya ya 30, kwamba kila kilicho hai kimefanywa kutokana na maji. Akacheka mpaka akakohoa, akasema basi kwenye maji tumeelewana, tulale.

Alifariki mwezi wa pili. Wiki tatu akangoja zamu ya kuchomwa, maana huko maiti naye hupanga foleni. Tulikuwa watu tisa. Aliacha wosia pasisomwe dua yoyote, ikapigwa santuri ya jazi, mpwa wake akasoma ukurasa mmoja, pazia likajifunga lenyewe. Nusu saa, na nje wenye maiti wao walikuwa wanasubiri. Sikujua niweke wapi mikono. Nikamsomea Fatiha moyoni, kisha nikabaki na wasiwasi njia nzima kwamba nimemkosea adabu.

Babangu alikufa kabla ya Alfajiri na kabla ya Alasiri alikuwa ameshazikwa. Jeneza halikukaa begani mwangu hata hatua 20. Watu wasiomjua waliacha biashara zao wakaja mbio kupokea, bega kwa bega. Nilishuka kaburini, tukampokea tukamlaza ndani ya mwanandani kwa ubavu wa kulia. Mmoja wa tulioshuka pamoja ni rafiki yangu wa utotoni, ambaye aliniambia zamani, tukiwa wawili tu baharini, kwamba imani ilimtoka. Alilia kuliko mimi. Udongo alitia yeye zaidi.

Huyu ndiye ninayemfikiria watu wanaponiuliza wapi bora. Bristol angesema wazi anachoona na hakuna ambaye angenyanyua kichwa. Mombasa hawezi. Sensa ya 2019 iliandika zaidi ya watu 755,000 Kenya nzima wasio na dini, na jumuiya yao iliposajiliwa 2016 ilisimamishwa mwaka huo huo kwa kelele za viongozi wa dini. Mimi naona ni aibu kwetu. Imani inayohitaji Mwanasheria Mkuu ailinde sijui ni ya nani. Lakini yeye mwenyewe nilipomuuliza kwa nini hahami, alinijibu: "Nihame nikazikwe na nani?"

Ami yangu ni maalim, amesomesha watoto miaka 40. Nilimwendea siku moja kabla ya kuondoka, nikamwonyesha kwenye simu habari ya pango la Panga ya Saidi. Halikuwa jambo la Ulaya, ni hapa Kilifi, kilomita kama 15 tu kutoka baharini. Wamekuta humo kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, wakampa jina Mtoto. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na lilipotangazwa 2021 ndilo lililokuwa kaburi la kale kuliko yote yaliyojulikana Afrika. Nilidhani atanifukuza kwa hiyo miaka. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Alilazwa upande gani?"

Nikamwambia ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Alikuwa kaviringishwa katika kitu, na chini ya kichwa yaonyesha waliweka mfano wa mto, ukaoza.

Ami alinyamaza muda. Msinielewe vibaya, hakuna aliyesema mtoto yule alielekezwa kibla. Akauliza waliomzika walikuwa viumbe gani. Nikasema watu, kama mimi na wewe.

"Na mifupa iko wapi sasa?"

Nikamweleza ilivyokuwa dhaifu, ikabidi ichimbwe pamoja na udongo wake, ikapelekwa Uhispania kwenye maabara ikachunguzwe.

Akavua miwani. "Huyo ni maiti wetu, mwanangu," akasema. "Nani aliyewapa ruhusa ya kumsafirisha?"