Dola Bilioni Moja, Ajira Hamsini

Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba itajenga kituo cha data, yaani jengo la kompyuta nyingi zinazohifadhi data na kuendesha huduma za mtandaoni, katika mji mdogo wa Maiden, jimbo la North Carolina, Marekani. Uwekezaji uliotajwa ulikuwa dola bilioni 1, na ajira za kudumu zilikuwa 50. Tangu hapo wanaopinga vituo hivi hawaachi kuitaja hesabu hiyo, na wanaovitetea hawaachi kujibu kwa kuorodhesha wajenzi, mafundi umeme, walinzi na wakandarasi ambao hawakuhesabiwa. Wote wana hoja, ila wanajibu maswali mawili tofauti. La kwanza ni la halmashauri inayoombwa kutoa ardhi na msamaha wa kodi. La pili ni la kijana anayetafuta fani ya kumlisha miaka mingi ijayo. Halmashauri inaweza kupata jibu la "hapana" na kijana akapata "ndiyo", tena kuhusu jengo lilelile.

Tuanze na halmashauri, maana huko mambo yako wazi zaidi. Kituo cha data ni jengo linalokula umeme mwingi na kuajiri watu wachache. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data duniani vilitumia takribani saa-terawati 415, yaani kama asilimia 1.5 ya umeme wote, na kwamba kufikia 2030 matumizi hayo huenda yakapita mara mbili. Wastani wa dunia hauumizi mtu, maumivu yako pale vituo vinaporundikana. Nchini Ayalandi sehemu ya umeme inayokwenda kwenye vituo vya data ilikuwa asilimia 5 mwaka 2015. Mwaka 2023 ilifika asilimia 21, ikazipita nyumba zote za mijini zikijumlishwa pamoja. Ujenzi ukiendelea, mamia ya watu wanapata kibarua. Ukikamilika, wanafungasha na kufuata mradi mwingine.

Anayekuja na ahadi ya ajira tupu, basi, anauza danganya toto. Faida halisi ya jengo la aina hii kwa eneo husika ni kodi. Kaunti ya Loudoun, jimbo la Virginia, yenye msongamano mkubwa kuliko pengine popote wa vituo hivi, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa kutoza kodi vifaa vilivyomo ndani ya majengo hayo. Hapo ndipo mikataba mingi inaponishangaza: eneo linasamehe kodi, kitu pekee ambacho kituo kingeweza kulipa kwa wingi, ili lipate ajira, kitu ambacho kituo hakina.

Kwa kijana hesabu inageuka. Uchache wa watu ndani ya jengo unamaanisha pia kwamba kila aliyemo ana uzito. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takribani saa sita. Katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao mkuu unaounganisha vituo vya kampuni hiyo, na amri hiyo ikaukata mtandao wote. Programu iliyowekwa kuzuia makosa ya namna hiyo ilikuwa na kasoro, ikaiachia ipite. Seva za DNS za kampuni, yaani kompyuta zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, zilipoona haziwezi tena kuvifikia vituo, zikaacha kutangaza njia za kuzifikia kwa BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kuelezana njia, na mitandao mingine yote ikawa haijui Facebook iko wapi. Zana ambazo wahandisi wangezitumia kurekebisha kutoka mbali zilikuwa zinategemea mtandao uleule uliokufa. Ikabidi watu wapelekwe hadi kwenye majengo yenyewe, yaliyojengwa makusudi yasiingilike kirahisi, wakaanze kazi mbele ya ruta, vifaa vinavyoielekeza data njia ya kupita.

Kisa hiki kinatajwa sana kama onyo dhidi ya mitambo inayojiendesha. Mimi nakiona pia kama tangazo la kazi. Otomatiki imepunguza kweli idadi ya watu wanaokaa wakiandika usanidi, yaani mipangilio, wa swichi za mtandao (vifaa vinavyounganisha kompyuta) moja baada ya nyingine. Siku hizi skripti moja, programu fupi tu, inagusa maelfu ya swichi kwa mpigo. Hata Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, walipobadilisha Februari 2020 mtihani wa CCNA, cheti chao cha mafundi wa mitandao, waliingiza humo masuala ya otomatiki. Lakini skripti ikikosea, inakosea kote kwa wakati mmoja, na atakayetafutwa usiku huo ni yule anayejua pakiti, kile kipande cha data, inapita wapi na waya gani umechomekwa wapi.

Halafu kuna umeme. Tafiti za Uptime Institute, taasisi inayopanga vituo kwa madaraja, zimerudia mwaka hadi mwaka kwamba hitilafu kubwa nyingi chanzo chake ni umeme, na kwamba makosa ya kibinadamu mengi ni ya watu kutofuata utaratibu ulioandikwa. Ndiyo maana kazi hii ikifanywa vizuri inachosha kuitazama. Chukua mafundi wawili wanaohamisha mzigo wa umeme kutoka kwenye UPS, mtambo wa betri unaoshikilia umeme ukikatika, kwenda njia ya pembeni ili betri zibadilishwe. Mmoja ameshika karatasi, anasoma hatua: "Funga swichi Q3." Mwenzake anaweka kidole kwenye kibandiko, anasoma kwa sauti, "Q3," anangoja aambiwe ndiyo, kisha anazungusha. Wanaandika saa pembeni ya hatua hiyo, wanaangalia kama taa zimebadilika inavyotakiwa, ndipo wanasogea kwenye hatua inayofuata. Hakuna anayefanya kwa kichwa, hata kama ameifanya kazi hiyo miaka kumi.

Upande wa pili usifichwe. Kazi za kuingilia kwenye sekta hii nyingi ni za zamu, usiku ukiwemo, na nyingi zinapitia kwa mkandarasi, si kwa mwenye kituo. Unaletewa tiketi, yaani agizo la kazi: badilisha diski kwenye raki (kabati la seva) fulani, chomoa kebo hii, chomeka ile. Anayeamua ni mtu aliye mbali. Wewe ni mikono yake tu. Unaweza kukaa hapo miaka mitatu ukawa hujaongeza lolote isipokuwa kasi ya kufungua skrubu. Wakati huohuo huduma za wingu, yaani kukodi kompyuta za mbali kupitia intaneti, zimemeza vyumba vya seva vilivyokuwa kwenye makampuni ya kawaida, na pamoja navyo ile ngazi ya zamani ambapo mtu alianza kwa kutengeneza printa akaishia kusimamia mtandao wa ofisi nzima.

Na kuna hofu ya kupasuka kwa povu la akili mnemba, ambayo ndiyo inayochochea ujenzi mwingi wa vituo hivi, hofu ambayo siidharau. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za simu zilizika nyaya nyingi za faiba kuliko soko lilivyohitaji. Mambo yalipoporomoka, kampuni ya simu ya Marekani, WorldCom, ikaomba hifadhi ya ufilisi Julai 2002 na wafanyakazi wengi wa sekta hiyo wakajikuta mtaani. Nyaya zilibaki ardhini na wengine wakaja kuzitumia kwa bei ya kutupa. Waliozilaza hawakungojwa na mtu.

Kwa hiyo ningeangalia ujuzi gani unahamishika. Raki moja ya NVL72, mfumo wa kompyuta za akili mnemba wa kampuni ya chipu ya Nvidia, inakula takribani kilowati 120, wakati raki za kawaida zilizoea kilowati chache tu. Joto hilo hewa haiwezi kuliondoa peke yake, hivyo maji au kimiminika kingine kinapitishwa kwa mabomba hadi kwenye chipu. Ghafla fundi anayejua pampu, vali na uvujaji anatafutwa kuliko mwenye vyeti vitatu vya mitandao, na povu likipasuka kesho, hospitali, viwanja vya ndege na viwanda bado vina jenereta, betri na mitambo ya kupoza. Mhandisi wa mitandao naye hana neno, mradi misingi ya upitishaji njia aijue bila kutegemea skrini ya kampuni moja, na aweze kuandika skripti na kuikagua.

Kijana akipata ofa mbili, ya kituo kinachomweka afuate tiketi kwa mshahara mzuri, na ya kile kinachomruhusu asimame kando ya wakubwa jenereta inapojaribiwa kwa mzigo kamili, achukue ya pili hata kama mshahara wa kuanzia umepungua kidogo. Halmashauri nayo, ikiwa imeshaamua kutoa ardhi, iandike nafasi hizo za mafunzo ndani ya mkataba, idadi na miaka, kabla ya kusaini. Baada ya kusaini hakuna atakayerudi mezani kuzijadili.