Herufi Moja Tu, Jamani

Mimi nilikuwa mtu wa kuandika ninavyosikia. "Hapo" naandika "apo", "kuwa" naandika "kua", na "tupo" naandika "2po" kwa kuwa namba inaokoa muda. Muda wenyewe niliouokoa miaka yote hii sijui uko wapi, maana kazini nachelewa kila siku. Na mtu akinikosoa nilikuwa na rungu moja tu: "Kwani hujaelewa?" Hapo mkosoaji ananywea, mimi naendelea na "2po" zangu.

Sasa juzi mfanyakazi mwenzangu kanitumia ujumbe asubuhi: "Bosi hatakuja leo." Hatakuja! Nikavua viatu, nikaunganisha viti viwili, nikajifunika koti uso mzima. Saa nne na dakika kumi nafumbua macho, naona tai. Napandisha macho taratibu kuifuata ile tai, naikuta imefungwa kwenye shingo ya bosi.

Kumbe mwenzangu alimaanisha "atakuja". H kaichomeka tu. Ni wale watu ambao H inapotakiwa wanaidondosha, wanaandika "abari" na "apana", halafu zile walizobana wanakuja kuzimwaga pasipohusika: "hasante", "hanakuja". Nikamfuata nikiwa nafoka. Akanitazama kwa upole kabisa, akasema: "Kwani hukuelewa?"

Rungu langu mwenyewe hilo.

Na hii lugha yetu nayo imetutega. Kati ya "utalipwa" na "hutalipwa" kuna nini? Pumzi! Kazi nzima ya kumkatalia mtu mshahara kaachiwa H, herufi ambayo wengine wetu hata kuisikia hatuisikii. Nenda kwa R na L ndiyo utalia. Mtu anauliza "mahali" pa kukutana, anaandika "mahari", upande wa pili wazee wameshaanza kuitana. Mwingine anataka kutuma "hawala" ya fedha, anaandika "hawara". Hiyo eleza mwenyewe nyumbani.

Basi nikaambiwa niandike barua ya kujieleza. Nikasema safari hii nitaandika kwa heshima, na anwani juu na sahihi chini. Nikaeleza kwamba nilisinzia kwa sababu usiku kucha nilikuwa "navua nguo za familia nzima". Bosi akaisoma kwa sauti, mhasibu akiwa palepale. Nilimaanisha kufua, jamani! Kufua! F na V zinatoka mdomoni kwa meno yaleyale na mdomo uleule, mimi nitajuaje?

Mhasibu alipomaliza kujifuta machozi akaanza kunipa darasa. Eti Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kampuni moja ya maziwa walidai malipo ya saa za ziada, na kesi ikageukia alama ya mkato ambayo haikuwekwa kwenye sheria. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona kwamba bila mkato ule sheria ina utata, na utata ukawabeba madereva. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Mimi mikato nimeiacha mingapi? Hakuna aliyenilipa hata nauli.

Akaongeza ya Uingereza. Mwaka 2009 msajili wa kampuni aliandika kwamba Taylor & Sons iko kwenye ufilisi, wakati iliyofilisika ilikuwa Taylor & Son, kampuni nyingine kabisa. S moja! Wateja na wakopeshaji wakakimbia, na kampuni iliyoishi zaidi ya karne ikaanguka kweli. Mahakama ikaja kusema kosa ni la msajili mwaka 2015. Bosi akaitazama barua yangu, akaitazama ile V, akaikunja akaitia mfukoni. Mpaka leo sijui anaenda kumsomea nani.

Kwa hiyo kwenye barua ya kazi nimesalimu amri. Sasa nasoma mara tatu, na mara ya tatu nasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini wale askari wa sarufi nao wana mipaka yao! Kuna binamu yangu mmoja. Mtu katuma kwenye kundi la familia kwamba babu "amefaliki". Watu hata kulia hawajaanza, binamu kashajibu: "Amefariki. Ni R, si L." Yuko sahihi, simbishii. Ila kwenye mazishi alikaa benchi zima peke yake.

Halafu kuna hii simu yangu, ambayo inajifanya inajua kusahihisha. Naandika "kama", inageuza "karma". Nimegombana na watu wawili kwa ajili ya karma nisizozijua.

Jana nikaona nitumie ujuzi wangu mpya nyumbani. Nimechelewa kurudi, nikamwandikia mke wangu ujumbe wa kuomba radhi: aya nne, herufi kubwa mahali pake, kila mkato kwenye kituo chake. Nikamalizia kwamba "ninakuthamini", kwa TH. Mwaka jana niliandika "ninakudhamini", akanitumia bajeti.

Akajibu: "Sawa."

Mwone huyo nukta aliyesimama hapo mwisho. Mke wangu hana kawaida ya kuweka nukta. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton kule Marekani walishaonyesha mwaka 2015 kwamba jibu fupi la simu likiishia na nukta, msomaji huona halijatoka moyoni. Miaka yote nilikuwa natembea juu ya nukta kama changarawe, leo moja tu imenikalisha nje ya mlango saa sita usiku. Nimeikuza kwenye kioo mpaka imefika ukubwa wa sahani, labda ni uchafu tu.

Si uchafu.